Tundu Lililozibwa kwa Chingamu

Kila asubuhi, kabla ya kumsalimia mtu, Mwantum alipapasa ubao wa kitanda chake. Hapo ndipo alipoibandika chingamu usiku. Aliibandua, akanyata hadi jikoni, akaichovya kwenye kopo la sukari, kisha akaitia mdomoni. Utamu ulirudi kama mpya. Baada ya hapo ndipo alipochukua ndoo na kwenda bombani.

Kwao kulikuwa Bagamoyo. Si Bagamoyo ya pwani walikotoka wazee wake, bali mtaa wa Bagamoyo mjini Tukuyu, ambako ukungu ukishuka humwoni hata jirani anayekusalimu. Baba yake, Mzee Amri, alikuwa fundi cherehani. Chingamu Mwantum alikuwa akiletewa na Mjomba Maulidi, dereva wa lori la kwenda Zambia. Mwantum na rafiki yake Zakia walitafuna moja kwa zamu, wewe asubuhi mimi mchana, wakicheka kwamba huo ndio ujamaa wenyewe. Mara nyingine Mwantum alisinzia nayo mdomoni. Mswaki wake wa mti ulikauka dirishani kwa kukosa kazi.

Kisha jino likatoboka. Lilikuwa la juu, upande wa kulia. Lilianza kwa kumshtua akinywa maji baridi, halafu likawa linagonga kama nyundo. Mwantum hakumwambia mtu yeyote ila Zakia, na afadhali angenyamaza kabisa.

"Jino la juu lina mshipa wake kwenye jicho," Zakia alimnong'oneza. "Liking'olewa, jicho linakufa. Mtazame bibi yako!"

Bibi Bimdogo, mama yake Mzee Amri, aliona kwa jicho moja tu. Jicho lake la kulia lilikuwa jeupe, halioni kitu. Na upande huo huo wa kulia, juu, alikuwa na pengo. Mwantum aliliona pengo hilo tangu utoto wake bila kulifikiria. Sasa kila Bibi alipocheka, Mwantum alilitazama pengo, kisha jicho.

Mwaka ule kampeni ya Mtu ni Afya ilikuwa imepamba moto. Redio zilihimiza watu kuchimba vyoo na kuchemsha maji. Shuleni, Mwalimu Hezron akaongeza la kwake.

"Ijumaa nitakagua meno mstarini," alitangaza. "Mwenye jino bovu nitampeleka mwenyewe hospitali likang'olewe."

Siku ya Alhamisi, wenzake walipotoka darasani, Mwantum aliokota kipande cha chaki, akakisaga na kukikanda pamoja na chingamu mpaka ikawa nyeupe. Nyumbani akaishindilia ndani ya tundu kwa ncha ya kijiti. Alipojitazama kwenye kioo, tundu halikuonekana. Maumivu akayatuliza kwa karafuu alizodokoa kwenye kopo la viungo la Bibi.

Ijumaa ilipofika, Mwalimu Hezron alipita mstarini polepole. Alipomfikia, Mwantum alifungua kinywa.

"Safi sana!" alisema mwalimu. "Wengine mwigeni Mwantum."

Watoto wakapiga makofi. Zakia alitazama chini. Mwantum alitabasamu upande mmoja tu, maana upande wa pili haukukubali.

Jumapili shavu lilivimba. Baba alipouliza, Mwantum alijibu kwamba ameumwa na nyuki. Baba aliamini, akampaka mafuta. Usiku ule usingizi haukuja. Uvimbe ulikuwa unapanda, na Mwantum aliusikia ukipanda kuelekea kule kule alikokuogopa.

Kulipokucha alifumbua macho. La kushoto lilifumbuka. La kulia halikufumbuka. Alipapasa kwa vidole akakuta nyama ya moto iliyojaa, imelifunika jicho lote.

"Nimepofuka!" alipiga kelele. "Halijang'olewa, na tayari nimepofuka!"

Baba alikuja mbio, futi yake ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Bibi alifuata nyuma, akainama juu ya mtoto, akanusa.

"Nyuki gani huyu anayenuka karafuu?" aliuliza. "Nani amepika pilau kinywani mwa mjukuu wangu?"

Hapo Mwantum akalia na kusema yote: sukari, tundu, chaki, makofi ya mstarini. Baba hakungoja amalize. Alimwinua ampeleke hospitali, lakini mtoto aliung'ang'ania ubao wa kitanda kwa mikono miwili.

"Baba, usinipeleke! Wakiling'oa, jicho halitarudi tena. Litakuwa kama la Bibi!"

Mikono ya baba ililegea. Hata yeye alikuwa amekua akiyasikia maneno hayo hayo. Akamgeukia mama yake.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "labda tumtafutie kwanza dawa ya kusukutua."

"Amri! Na wewe pia?"

"Watu walisema, Mama."

"Watu!" Bibi alifoka. "Jicho langu lilichukuliwa na ndui, nikiwa mdogo kuliko huyu. Jino liling'olewa mwaka ule ule kwa kuwa lilioza. Watu wakaviunganisha viwili hivyo vikawa kimoja. Wamesimulia miaka yote hii, na hakuna aliyekuja kuniuliza mimi mwenye jicho. Mbebe mtoto, twende!"

Walikwenda kwa miguu katika manyunyu. Mwantum alikuwa mgongoni mwa baba, na kila hatua ilimpiga shavuni. Alitaka kumwamini Bibi, lakini jicho lililokuwa gizani sasa lilikuwa lake mwenyewe. Aliogopa mno.

Hospitalini alipokelewa na Bwana Mganga Asajile, tabibu wa meno, mtu wa Kinyala, si mbali na mji.

"Ugonile, mwanangu," alimsalimu kwa Kinyakyusa, akamkalisha kitini. Juu ya sinia palikuwa na koleo linalong'aa. Mwantum alifumba hata jicho lililobaki.

Bwana Mganga alichokoa tundu, akatoa donge dogo jeupe. "Hii nini? Chokaa?"

"Chingamu na chaki," alijibu Mwantum.

Bwana Mganga hakucheka. "Umemfungia mwizi ndani ya nyumba ukadhani umemfukuza. Usaha ulikosa pa kutokea, ukapanda juu."

"Jicho langu limekufa?"

"Sitakudanganya. Nitajua uvimbe ukishuka. Lakini jino hili lazima litoke sasa hivi."

Alimchoma sindano ya ganzi. Mwantum alivishika vidole vya Bibi kwa nguvu zake zote. Alisikia msukumo, kisha mlio mdogo, na jino likaanguka kwenye sinia. Giza la upande wa kulia lilibaki pale pale.

Alilazwa. Asubuhi na jioni walimchoma sindano. Kila alipoamka alijaribu kulifungua jicho, akashindwa, akageukia ukutani ili Bibi asimwone akilia. Hata asubuhi moja kope zikaachana kidogo. Uliingia mwanga, kisha rangi ya kanga, kisha pengo la Bibi lililokuwa linacheka.

"Bibi, nakuona!"

Mzee Amri aligeuka akafuta macho kwa futi yake. Bwana Mganga Asajile alimpima, akaridhika, akakaa pembeni ya kitanda.

"Sikiliza, Mwantum. Sukari inayolala kinywani hula meno. Piga mswaki asubuhi, na usilale kabla ya kupiga tena. Lakini si sukari iliyotaka kulichukua jicho lako. Ni kuficha. Jino lingetoka mapema, usingelala hapa."

"Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua," aliongeza Bibi. "Ukiogopa, sema unaogopa. Ukisikia neno, muulize mwenyewe."

Jioni Zakia alikuja kumtazama mgonjwa. Alisimama mlangoni, mtandio ameubana shavuni. Alipokaribia kitanda, Bibi aliinua pua.

"Karafuu tena," alisema.

Zakia akaangua kilio. "La juu, Bibi! Nalo ni la juu!"

Mwantum aliteremka kitandani, akamshika mkono.

"Twende kwa Bwana Mganga, nitakushika hivi hivi mpaka mwisho," alimwambia. "Usiogope, Zakia. Langu halipo tena, na nakuona kwa macho yote mawili."