Nyumba Niliyoiona Kwenye Simu Yake

Nilimkuta mchumba wangu amemziba mdomo bibi kizee!

Saa tatu asubuhi, jua limeshawaka, ndani ya chumba cha mapipa ya mvinyo. Mkono wake wa kulia umembana yule mama kinywani. Mkono ule ule uliokuwa univalishe pete ya ndoa baada ya wiki tatu!

"Nyamaza! Ukifungua mdomo naiuza hii nyumba, ukalale barabarani!"

Mimi nimesimama mlangoni na kikombe changu cha chai. Hajaniona.

Ndugu zangu, hii imenitokea mimi mwenyewe. Someni mpaka mwisho. Wenye wachumba someni mara mbili.

Ilikuwa hivi...

Kwa muda mrefu nilikuwa naona picha za nyumba moja kwenye simu yake. Nyumba ya mawe, mlango wa bluu, nyuma yake mizabibu mstari kwa mstari. Nikajisemea, huyu mtu anaitamani hii nyumba na hasemi. Nikaitafuta mtandaoni, nikaipata! Nyumba ya mapumziko, kijiji kimetulia, watu wake wanalima zabibu na kukamua mvinyo. Dalali ndiye anayeipangisha. Nikalipia siku tatu, akanitumia mkataba, nikauchapa na kuutia kwenye mkoba bila hata kuusoma.

Nilitaka kumshtukiza mwenzangu kabla ya harusi.

Na kweli alishtuka.

Gari lilipoingia kijijini, mazungumzo yakakatika. Alipouona ule mlango wa bluu, jasho likamtoka.

"Turudi."

"Turudi wapi? Nimeshalipa!"

"Hapa kuna mbu."

"Umewajuaje, na hujashuka hata kwenye gari?"

Akapandisha kioo cha gari.

Mlango ulifunguliwa na mama mmoja mzee, mwembamba, ndala zimelika visigino, mikono imeingia rangi ya zabibu mpaka kwenye kucha. Akamtazama mchumba wangu. Akamtazama sana! Midomo ikamcheza, akitaka kusema kitu. Mwenzangu akamkata kauli.

"Wewe ndiye mfanya usafi? Chukua mizigo."

Sasa hii aibu ni yangu, naisema mwenyewe. Yule mama alinuka. Harufu ya mvinyo uliochacha, imeganda kwenye nguo. Na mimi, mtoto niliyelelewa nikaleleka, nikaziba pua mbele yake. Nikamnong'oneza mchumba wangu, "Mwambie apitie mlango wa nyuma."

Akamwambia. Kwa sauti!

"Haya, baba," akajibu yule mama, akazunguka nyuma na mabegi yetu.

Nikaanza kuona mambo. Kwenye ngazi za kwenda juu, mchumba wangu aliiruka ngazi ya tatu bila kutazama. Mimi nikaikanyaga, ikabonyea, nusura nianguke. Swichi ya bafuni imejificha nyuma ya kabati. Yeye alipeleka mkono mara moja tu, taa ikawaka. Halafu chai ikaja. Yangu ya moto. Yake imepozwa, haina sukari.

Jamani, mwenzangu hanywi chai ya moto tangu nimjue. Lakini mimi sikumwambia mtu yeyote!

Mnajua akili yangu ilikwenda wapi. Ameshakuja hapa na mwanamke! Nikapekua mito, nikapekua droo, nikainama mpaka chini ya kitanda. Sikupata hata unywele.

Jioni nikaona nimchimbe yule mama taratibu. Nikamkuta jikoni anasugua sufuria. Nikamtolea kadi ya harusi, kumlainisha.

"Karibu harusini, mama."

Akafuta mikono mara mbili, akavaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Akasoma kwa kidole, neno kwa neno. Jina la bwana harusi. Chini yake, "mtoto wa marehemu", halafu majina matatu ya mama yake.

Kidole kikasimama hapo.

"Huyu mama yake... alifariki lini?"

"Zamani, mwenzangu akiwa chuoni. Mpaka leo akimtaja analia."

"Analia?"

"Sana, mama."

Akaikunja ile kadi ikawa ndogo kabisa, akaitia kifuani.

"Mungu amlaze pema," akasema, akarudi kwenye sufuria.

Nikaenda kulala nikiwa bado namsaka mwanamke.

Ndipo asubuhi nikaletewa chai, ya mwenzangu ikaletwa pia, lakini yeye hayupo mezani. Nikasikia kilio nyuma ya nyumba. Nikaenda. Nikaona hayo niliyowaambia mwanzo.

Na nikaona zaidi. Katikati ya mapipa mawili pana godoro. Nguo zinaning'inia kwenye msumari. Beseni, mswaki, ile kadi yangu juu ya mto. Yule mama alikuwa anaishi humo! Harufu niliyoizibia pua ilikuwa harufu ya kitanda chake.

"Huyu ni nani kwako?" nikauliza.

Akaruka pembeni. "Mfanya usafi tu! Ameniibia saa."

Saa iko mkononi mwake!

Chai iliyopozwa, ile ngazi, kile kidole kwenye kadi... vyote vikajipanga kichwani. Nikamgeukia bibi.

"Mama, wewe ndiye mama yake?"

Akamtazama mwanamume yule. Akanitazama mimi.

"Hapana, binti. Mama yake amefariki. Si mmeandika wenyewe? Mimi nafagia tu."

Na mchumba wangu akashusha pumzi.

Alishusha pumzi, jamani! Mtu anajifuta duniani mbele ya macho yake ili yeye aoe vizuri, naye anapumua kama aliyetua gunia. Nimewahi kuona usaha. Nimewahi kuona panya aliyeoza ndani ya tangi la maji ya kunywa. Sijawahi kuchukizwa kama vile.

"Basi nampigia mwenye nyumba," nikasema. "Anieleze kwa nini mtu analazwa na mapipa."

Nikakimbilia mkoba, nikarudi na mkataba, natafuta namba ya simu. Juu kabisa: "Mwenye nyumba". Mbele yake, majina matatu.

Majina yale yale! Niliyoyahakiki mara nne kwa mchapaji wa kadi, nisije nikamkosea marehemu.

Nikayasoma kwa sauti. Bibi akainua kichwa.

"Hiyo karatasi inasemaje?"

"Inasema nyumba ni yako, mama."

"Si yangu tena. Alinisainisha, akasema imekuwa yake."

"Ulisaini dalali aipangishe tu. Mwenyewe ni wewe, imeandikwa hapa."

Mchumba wangu akaanza. "Mpenzi, nisikilize kwanza! Wazazi wako ni watu wa maana, ningewaonyesha huyu? Angalia hiyo mikono!"

Mikono iliyomsomesha hiyo. Nikavua pete ya uchumba, nikaiweka juu ya pipa. Sikutaka hata kumkabidhi mkononi.

Bibi akajifuta macho. Akanyoosha ule mkono wake wa zambarau.

"Lete ufunguo."

"Mama..."

Tangu tufike, hilo ndilo neno "mama" la kwanza mchumba wangu kumwambia yule mzee.

"Aa! Mama yako amefariki. Lete ufunguo."

Akautoa mfukoni. Kumbe alikuwa nao siku zote!

Gari ni langu, kwa hiyo aliondoka kwa miguu, na begi lake kichwani, katikati ya mizabibu. Mimi na bibi tukalitoa godoro juani, kisha tukarudisha nguo zake chumba cha juu, chenye dirisha. Nilimwomba radhi kwa ile pua. Akasema, "Hata mimi harufu ile inanishinda, binti." Chai nilipika mimi siku zote zilizobaki. Alilalamika sukari imezidi.

Wiki iliyopita amenipigia. Nikadhani anataka kunieleza habari za wageni, maana sasa anawapokea mwenyewe mlango wa mbele.

"Binti, yule... huko mjini unamwona? Anakula?"



Kadi zote nimezichoma. Kwa dada zangu nina neno moja tu. Mwanamume akikulilia kwamba mama yake amekufa, mpe pole, mfute machozi, halafu mwambie akupeleke kaburini.