Daraja la Jumanne

Kila siku baada ya shule, Lukresia wa darasa la sita alipitia Njoro, ofisini kwa baba yake mdogo, Injinia Efraimu, ili wapande wote gari kurudi Kibosho. Kazi yake pale ilikuwa kufanya hesabu za shule. Kazi aliyojipa mwenyewe ilikuwa kuchungulia kompyuta. Mwaka ule wa 1999, kompyuta ilikuwa ikifunikwa kitambaa kama keki ya kipaimara.

Jumatatu moja, kwenye kioo lilionekana daraja la miguu litakalojengwa kijijini kwao: ncha mbili, nguzo moja katikati, na pembetatu ndogo chini ya kila moja.

"Hizi nini, baba mdogo?"

"Maegemeo. Ndipo daraja linapokalia. Pembetatu inaiambia kompyuta kwamba hapa ardhi haishuki hata kidogo."

"Upande wa kwetu inashuka."

Wenseslaus, mchoraji wa ramani, alicheka mpaka penseli ikamtoka sikioni. "Karibu, injinia wa migomba! Tumepima wenyewe Jumapili. Pagumu kama sakafu."

"Jumapili mfongo unafungwa!" Mfongo ni mfereji wa kumwagilia mashamba. "Zamu yetu ya maji ni Jumanne. Siku hiyo kigingi cha mbuzi hakishiki pale, mbuzi anakula maharage ya jirani. Anayechapwa ni mimi, siyo kompyuta!"

"Lukresia, fanya hesabu zako," alisema Efraimu. "Michoro inakwenda kwa fundi keshokutwa."

"Sifanyi! Mdogo wangu Hilda atavuka hapo kila asubuhi kwenda shule. Njooni kesho mkakanyage. Nikiwa mwongo, nitafagia ofisi hii mwaka mzima."

Jumanne walikwenda. Wenseslaus alitangulia kwa mbwembwe, akasimama mahali pa egemeo, akazama mpaka kwenye soksi.

"Shikamoo, injinia," alimwambia Lukresia kwa sauti ndogo.

"Marahaba."

Ofisini, Efraimu aliondoa pembetatu ya upande ule, akaweka springi, alama ya ardhi inayobonyea. Daraja lile lile likapinda, na juu ya nguzo ya katikati vyuma vikageuka vyekundu, dalili ya kuzidiwa na mzigo. Alichana michoro, akaanza kuchora msingi mpya unaoshuka hadi kwenye mwamba.

"Kompyuta inaamini chochote unachoiambia," alisema, "na mimi niliiambia habari za Jumapili tu. Ukijua jambo la kweli, mwanangu, lishikilie hata mkubwa akikunja uso. Ila 'sifanyi' siyo adabu. Hesabu ziko wapi?"

Lukresia alikaa, akazifanya zote.

Daraja lilipokwisha, Hilda alivuka kila asubuhi, hata Jumanne.