Sikio la Ng'ombe Kwenye Simu Mpya

"Mshikeni kichwa! Sikio nalikata leo leo!"

Jamani wasomaji wangu... kisu kilikuwa tayari kwenye sikio la kaka yangu Bura! Amefungwa mikono nyuma kwa kamba ya ng'ombe, damu inamtoka puani, na wanaume wa kijiji chetu cha Dirma wanamtandika fimbo kama wanaua nyoka!

Aliyeshika kisu ni Mzee Baltazar, jirani yetu.

Aliyemshika kaka kichwa... ni Evarist. Mchumba wangu!

Nikapiga kelele ya kwanza iliyonijia mdomoni:

"Shikamoo baba!"

Mkono wa mzee ukasimama. Huku kwetu salamu haiachwi hewani, hata kama unaua mtu.

"Marahaba," akajibu kwa hasira. "Kaka yako mwizi! Kamuuza ng'ombe wangu mweupe!"

"Nani kasema?"

"Wewe mwenyewe!"

Akanisogezea simu yake usoni. Ilikuwa video yangu!

Niwaeleze kidogo. Mimi Glory kazi yangu ni kuonyesha simu na laptop mpya mtandaoni, zile zinazoingia dukani kwa Yusuph pale mjini Katesh. Nilikuwa nimepewa simu moja, aisee... nyembamba, nyepesi, kioo chake unajiona hadi chunusi! Nikajirekodi nyumbani kwa kamera ya mbele, zizi letu likiwa nyuma yangu.

"Oneni inavyong'aa! Hadi ng'ombe kule nyuma anaonekana kope!"

Ng'ombe mwenyewe alikuwa mweupe wetu. Baadaye Bura akampeleka mnadani, akapakiwa kwenye lori, akaenda zake.

"Angalia sikio!" mzee akafoka. "Limekatwa la kushoto. Hiyo alama ya nani?"

Ng'ombe wetu sisi tunawakata la kulia. La kushoto ni alama yake, na ng'ombe wake mweupe kapotea kweli!

"Malizeni!" Evarist akapiga kelele. "Mnasubiri nini?"

Fimbo ikamshukia Bura mdomoni. Jino likaruka!

Nikaitazama tena ile video... fulana yangu! Maandishi ya kifuani yanasomeka kinyumenyume!

"Baba, simama hivyo hivyo na kisu chako!"

Nikachomoa ile simu mpya, nikawasha kamera ya mbele, nikajirekodi pamoja naye. Nikamwonyesha.

"Hapo kisu umeshika mkono gani?"

Akatazama video. Akatazama mkono wake.

"Mbona... wa kushoto? Mimi nimeshika kwa kulia!"

"Hii simu inageuza kama kioo, baba! Sikio lililokatwa ni la kulia. Yule ng'ombe ni wetu!"

Mzee akashusha kisu, kisha akageuka taratibu.

"Evarist. Umechunga ng'ombe wa hawa watu tangu mdogo. Yule mweupe wao hukumjua? Na wewe ndiye uliyeniletea hii video!"

Mchumba wangu akaanza kurudi nyuma.

Weee! Fimbo zote zikahamia kwake. Akaanguka, wakamkanyaga, akawa analia kama mtoto. Nisiwadanganye, roho yangu ilifurahi.

"Acheni!"

Alikuwa Bura, mdomo umejaa damu.

"Msimuue kwa kuhisi. Nendeni kwa mjomba wake kule kijiji cha Mogitu, ndiko anakopeleka mifugo yake, mkaangalie zizini kwanza."

Wakaenda. Ng'ombe wa mzee alikuwepo, sikio la kushoto limekatwa, anatafuna majani bila wasiwasi. Evarist ndiye aliyemwiba. Alipoona kwenye video yangu sikio limegeuka, akajua kaka yangu atauawa badala yake.

Sasa hivi yuko mahabusu, na anapumua kwa sababu ya mtu ambaye yeye mwenyewe alitaka auawe.

Ndugu zangu, ukiletewa video ya mtu, weka fimbo chini. Inuka, nenda ukaone mwenyewe.

Kaka yangu bado anakunywa uji kwa mrija. Na ile pete ya uchumba, nimeitumbukiza chooni.