Mayai ya Kisiwani

Lela aliuza mayai ya kuchemsha karibu na nyumba yake Eastleigh. Aliyapasua, akatia kachumbari na pilipili, na watu wakala wamesimama. Mengi yalikuwa ya kuku. Lakini kila mwezi wa nane kaka yake Saad alimletea kutoka pwani kikapu cha mayai ya membe, wale ndege weupe wa baharini. Membe hutaga chini, kwenye kisiwa kidogo kisicho na watu. Mayai yao yana madoa, na wateja waliyagombania.

Mwaka 1982 Lela alipasua yai moja akakuta kinda limeshaota manyoya. Akalitupa, akaendelea kuuza. Hasara inauma, na mfanyabiashara akiumwa na hasara haoni kitu.

Binti yake mdogo, Muhiba, alikula mawili ya kikapu hicho. Kesho yake alitapika na kuhara mpaka macho yakaingia ndani. Jirani yao Nthoki, muuguzi wa zahanati, alimnywesha maji ya sukari na chumvi kijiko kwa kijiko, kisha wakamkimbiza hospitali. Lela aliamini mtoto anamfia mikononi.

"Hii mayai mlitoa wapi?" Nthoki aliuliza.

Saad, ambaye alikuwa hajarudi pwani, alieleza. Desturi yake na wenzake wa pwani ni kufika kisiwani na kukanyaga mayai yote. Ndege hutaga tena, na baada ya siku chache watu hurudi kuokota yale mapya.

"Mwaka huu hatukukanyaga," alisema. "Ndege wamekuwa haba. Tumeokota tuliyoyakuta."

"Basi mmeokota ya zamani, yakakaa juani njia nzima. Imeoza, Saad. Na hao ndege mnaua watoto wao kila mwaka. Wakubwa wakizeeka, nani atataga?"



Muhiba alipona, lakini alibaki mwembamba kwa muda mrefu. Lela akauza mayai ya kuku tu. Kabla ya kuyachemsha aliyatia kwenye maji, na lililoelea alilitupa bila kulionea huruma. Saad naye aliwabembeleza wenzake mpaka wakakubali kukiacha kisiwa.

Mwaka uliofuata alikuja bila kikapu. Lela akauliza habari za ndege.

"Hatukugusa hata yai moja," Saad alisema. "Tulikaa mbali tukawangoja. Walikuja wachache, wakazunguka juu ya kisiwa, wasitue."

"Watarudi?"

"Sijui, dadangu. Wale ambao wangerudi tuliwakanyaga."