Gitaa Lililoachwa Zima

Jumamosi tuliyomzika Hosea, mtoto wa dada yangu Ozella, jua lilikuwa kali na pamba imeanza kupasuka. Huku kwetu Mississippi, juu ya kaburi tunaweka vitu alivyotumia marehemu mwishoni: kikombe, kijiko, chupa ya dawa. Lakini kwanza tunavivunja. Usipovivunja, atarudi kumchukua mwingine wa nyumba ile. Hata mtoto mdogo analijua hilo.

Ozella alivunja kikombe. Akavunja na chupa. Alipofika kwenye gitaa, mikono ikamgoma.

Hosea aliimba nyimbo za huzuni kwenye vilabu vyote vya pombe, mpaka wacheza karata wakaacha karata wakalia. Mchungaji aliziita muziki wa shetani. Mimi nilimwona kwa macho yangu akisikilizia dirishani, mnafiki yule.

Nikamnong'oneza dada yangu, "Livunje."

"Wewe hujazaa," akasema. "Nyamaza."

Neno lile liliniuma, sitaficha. Gitaa likalazwa juu ya udongo likiwa zima.

Jumanne, Lemuel, mtoto pekee aliyembakia Ozella, alirudi kutoka shambani mchana akajilaza. Homa hana. Lakini vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vinabonyeza blanketi, kimoja kimoja, kama anatafuta nyuzi. Kijana yule hakuwahi kushika gitaa maishani mwake. Alhamisi akakataa chakula. Ijumaa akaniita kwa jina la utani ambalo Hosea peke yake alikuwa akiniita. Nikatoka nje nikamwambia Ozella.

Ozella hakuuliza kitu. Alichukua shoka.

Tulifika makaburini saa saba mchana. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo, udongo ni tope tupu. Gitaa lilikuwa kavu. Upepo haukuwepo. Nyuzi zilikuwa zinatikisika.

Dada aliinua shoka. Akalishusha. Akaliinua tena.

"Mama," ikasema sauti kutoka chini. "Hilo tu ndilo nililobaki nalo."

Ilikuwa sauti ya Hosea. Niliisikia, Mungu shahidi yangu.

"Nisamehe, baba," Ozella akasema, akapiga. Akapiga tena. Kisha akasimama pale analia, analia kwa sauti, nami nashindwa hata kumshika. Halafu akapiga la tatu.

Tuliporudi, Lemuel alikuwa ameketi, anaomba uji. Yupo mpaka leo, ana wajukuu.

Mwezi wa kumi na mbili posta ikaleta santuri. Hosea alikuwa ameiimba mjini Jackson mwezi wa tatu, akiwa mzima wa afya. Tukaipiga kwenye gramafoni ya jirani. Jamani, mtoto yule alijua kuimba. Wimbo ukaisha, lakini santuri ikaendelea kuzunguka.

Kukasikika pigo la shoka kwenye ubao. La pili. Kisha mwanamke analia, kwa muda mrefu. Kisha la tatu.

Ozella aliniangalia. "Kwa hiyo aliimba huku anajua nitamchagua nani?"

Nikaizima gramafoni. Dada alifariki miaka mingi baadaye, hajaisikiliza tena.

Siku hizi wanakuja wageni kutoka mbali, wanaopenda nyimbo za zamani. Kila mmoja ana nakala yake ya santuri ile. Wananiuliza yule mwanamke anayelia mwishoni ni nani.

Nawaambia simjui.