Isale Lililotumwa kwa Simu

Huku Marangu tuna adabu zetu, na mtu akizichezea hatumpigii kelele, tunamwangalia tu. Ndivyo tulivyomwangalia Evelyn wa Mama Mektrida, binti mpole, msomi wa watu, aliyeponzwa na ukurasa wa mtandaoni.

Jumatatu ile ilianza kama Jumatatu nyingine yoyote. Evelyn aliamka kwake Moshi mjini, mlima uko wazi mpaka kileleni, akanywa chai, akaenda kazini. Kazi yake ilikuwa kuisemea kampuni. Theluji Njema, wapandisha wageni mlimani, walikuwa na wafuasi wengi mtandaoni kuliko waumini wa parokia yetu, na kila neno la kampuni lilitoka kwenye vidole vya Evelyn. Mgeni akisifia, anamshukuru. Akilalamika, anambembeleza. Bosi wake, Bwana Godlove, alikuwa akitamba kwamba yule binti anaweza kuwaomba radhi nyuki wakamwachia asali.

Mdogo wake, Jovin, alikuwa mpagazi wa kampuni hiyohiyo, na Evelyn ndiye aliyemtafutia kazi. Baba yao alishafariki, na Mama Mektrida hakuwa na mtoto mwingine wa kiume. Siku hiyo Jovin alikuwa mlimani na wageni.

Sasa ngoja niwarudishe nyuma kidogo. Majuma machache kabla ya hapo, mpagazi mmoja aitwaye Filemon, kijana wa Old Moshi, alifia kule juu. Jovin alikuwepo, akamsimulia dada yake yote. Filemon alikuwa anakohoa, anatetemeka, hana jaketi la maana, akaomba ashushwe. Kiongozi wa safari akampigia Bwana Godlove, naye akajibu kwamba mgonjwa ashuke mwenyewe, wageni wasicheleweshwe. Filemon akashuka peke yake kwenye ukungu. Walimkuta ameegemea jiwe, amekauka.

Na Evelyn, huku akiyajua hayo yote, aliandika kwenye ukurasa: "Marehemu aliondoka kambini bila ruhusa." Godlove alimwambia aandike, naye akaandika. Tena akapamba na picha ya mshumaa.

Watu si wajinga. Wapagazi wakaanza kusema mtandaoni, matusi yakafuata, wageni wakaanza kujitoa. Godlove akamwita Evelyn.

"Omba radhi," akasema, "ila usikiri kitu. Weka isale. Mchagga akiona isale ananyamaza. Funika kombe mwanaharamu apite."

Kwa msiojua, isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na makaburini. Ukimkosea mtu, unachuma jani lake, unalibeba kwa mkono wako mpaka mlangoni kwake, na unalitaja kosa kwa mdomo wako. Hapo hana ruhusa ya kukukatalia. Ndiyo maana hata walevi wetu hawalifanyii mzaha.

Jumapili, siku moja kabla ya Jumatatu ile, Evelyn akapanda nyumbani, akachuma isale kaburini kwa baba yake, akalilaza juu ya kitambaa cheupe, akapiga picha. Chini yake akaandika: "Kama kuna yeyote aliyekwazika, tunaomba radhi. Pokeeni isale letu." Mioyo myekundu ikamiminika mpaka simu ikapata moto.

Jirani akamwonyesha Mama Mektrida. Mama akatoka migombani na panga mkononi.

"Yeleuwi! Eve, umechuma isale la kaburi la baba yako ukalipeleka na uongo?"

"Mama, ni tangazo tu la kazini."

"Isale si tangazo! Ukishalitoa umekiri. Mwenye haki anakuja kuchukua chake."

Evelyn akacheka, akambusu mama yake shavuni, akarudi mjini.

Basi Jumatatu hiyo, yuko ofisini anajibu pongezi, akakutana na maoni yasiyokuwa na moyo wala kicheko.

"Nimeliona. Sijalishika."

Jina lilikuwa Filemon. Akafungua akaunti. Pichani ni yeye mwenyewe, kajitwika begi la mgeni kichwani, anacheka. Evelyn akajiambia huyu ni mhuni kaiba akaunti ya marehemu. Akayafuta yale maneno. Yakarudi. Akayafuta tena. Yakarudi, yakaongezeka.

"Limekuja na uongo. Sema ilivyokuwa."

Akamfungia asiweze kuandika tena. Chai yake ikapoa mezani bila kuguswa.

Mchana Jovin akapiga simu. Mtandao wa kule juu hukatikakatika, lakini siku hiyo sauti ilikuwa safi, utadhani kakaa kiti cha pili. Alikuwa ananong'ona.

"Dada. Kuna mpagazi mgeni kambini."

"Mpagazi gani?"

"Simjui. Kajifunika uso na kitambaa. Hana mzigo, hana jaketi. Baridi hii, dada, na hatetemeki."

"Jovin, usimsogelee."

"Ameshakaa karibu yangu. Anasema anasubiri wewe useme."

Simu ikakatika.

Evelyn akakimbilia kwa Godlove. "Bosi, naandika ukweli. Sasa hivi."

"Andika uone. Wewe na mdogo wako mtarudi kukata majani ya ng'ombe."

"Mdogo wangu yuko naye!"

"Naye nani?"

Evelyn akampa mgongo. Akatoka nje, akakaa kwenye ngazi, jua la Moshi likimpiga utosini, akaandika kila kitu. Kikohozi. Jaketi. Simu ya bosi. Uongo wake mwenyewe. Akabonyeza.

Lililotokea ukurasani ni lile isale. "Kama kuna yeyote aliyekwazika."

Akafuta. Akaandika upya. Isale tena.

Akawasha kamera, akajirekodi huku akilia, akamtaja Filemon, akamtaja Godlove, akajitaja. Akaituma. Akaifungua aitazame. Uso ni wake. Machozi ni yake. Midomo inacheza. Sauti inasema, taratibu, kwa upole wa kazini: "Kama kuna yeyote aliyekwazika."

Mioyo ikamiminika.

Kisha yule Filemon aliyekuwa amefungiwa akaandika neno moja.

"Basi."

Akampigia Jovin. Hapatikani. Akampigia mama yake, akamwambia amejaribu kusema, Mungu ni shahidi, amejaribu. Mama Mektrida akasema, "Jana ulikuwa na mdomo, mwanangu."

Wenzake Jovin waliposhuka walisema walimwona kwa mbali kwenye ukungu, anashuka na mtu. Walimwita. Wote wawili waligeuka, wakapunga mkono, wakaendelea na safari. Mlima ulitafutwa. Hakukupatikana mtu, wala kiatu.

Theluji Njema imeshafungwa, na Godlove hajulikani alikohamia. Neno la siri la ukurasa halifanyi kazi tena, Evelyn kajaribu kuufuta mpaka kakonda. Hata hivyo picha bado zinawekwa. Ni wapagazi wawili, wanaonekana kwa mgongo, wanapanda kuingia kwenye ukungu. Mmoja hana jaketi. Wa pili Evelyn anamjua kwa mwendo. Watu wanasifia picha, wanauliza safari ijayo ni lini.

Mama Mektrida kajifunza simu uzeeni. Kila asubuhi akishakamua ng'ombe hukaa jikoni, akaandika chini ya picha, herufi mojamoja: "Jovin mwanangu, rudi nyumbani."

Na kila asubuhi, ukurasa ule usio na mtu humjibu: "Asante, mama, kwa kuwasiliana nasi. Tumepokea ujumbe wako."