Kete Ambayo Haikusogezwa

Kila jioni, Sella Musimbi alipotoka shuleni, kulikuwa na kazi zilizomngoja kabla ya kufikiria mchezo. Alivua sare akaikunja, akachota maji bombani, kisha akachambua na kukata sukuma wiki za chakula cha jioni. Kazi hiyo ya mwisho aliifanya mbiombio mno. Mara nyingi mama yake aliona mchanga kwenye mboga akamwita arudi kuziosha tena.

"Wewe mtoto, hiyo drafti itakimbia wapi?" mama aliuliza.

"Nakuja tu, Mama. Watu wananingoja!"

Ni kweli, watu walimngoja. Baba yake, Phanuel Shivachi, alikuwa fundi seremala aliyetengeneza vitanda na meza karibu na reli, pale Gatwekera, Kibera. Nje ya karakana yake palikuwa na ubao wa drafti ambao miraba yake aliichora mwenyewe kwa penseli ya useremala. Kete zilikuwa vifuniko vya soda. Mchezaji mmoja aliweka vyake vikitazama juu, na mwenzake aliweka vyake kifudifudi. Mafundi, wachuuzi na wapita njia walikuja kumpima msichana yule wa miaka kumi na miwili, na wengi waliondoka wakitikisa kichwa.

"Huyu mtoto ni hatari," walisema. "Bingwa wa Gatwekera!"

Sella alilipenda jina hilo kuliko chakula. Shuleni hakuna aliyemwita bingwa. Katika mtihani wa muhula uliopita, yeye alikuwa wa thelathini na mbili darasani, na mdogo wake Wakoli alikuwa wa kwanza katika darasa lake. Wageni walipofika nyumbani, kila mmoja aliomba kuona ripoti ya Wakoli. Hakuna aliyeomba kuona ya Sella. Pale kwenye ubao wa drafti tu ndipo alipojiona ana uzito, na kila aliposhinda alihisi amelipa kodi ya kuwa duniani siku hiyo.

Aliyecheza naye zaidi ni jirani yake Dalmas, mvulana wa rika lake. Dalmas alishindwa karibu kila siku, naye alicheka tu.

"Umenimaliza tena! Panga nyingine."

Sella hakuelewa mtu anawezaje kucheka akiwa ameshindwa. Zile siku chache aliposhindwa yeye, masikio yalimwaka moto. Aliondoka bila kuaga, akajilaza kitandani akijiambia kuwa yeye si kitu.

Ilikuwa mwaka wa 1976. Mwezi wa saba, Mwalimu Gachanja, aliyesimamia michezo ya watoto katika ukumbi wa jamii wa Kawangware, aliwaalika watoto wa Kibera kwenye mashindano ya drafti. Zawadi ilikuwa mkoba wa shule wa ngozi wenye vifungo viwili vya kung'aa. Habari hiyo ilipofika Gatwekera, watu walianza kumpongeza Sella kana kwamba mkoba uko begani mwake tayari.

"Tuletee huo mkoba," fundi mmoja alimwambia. "Ukikosa usirudi hapa!"

Fundi yule alikuwa akitania. Sella hakuyachukua maneno yale kama utani.

Jumamosi ilipofika, alitembea na Dalmas na watoto wengine kufuata barabara ya Ngong hadi Dagoretti Corner, kisha wakaingia Kawangware. Ukumbi ulikuwa umejaa watoto. Sella alimshinda wa kwanza, wa pili na wa tatu. Mchana alibaki na mmoja tu, na alipomwona alitaka kucheka. Alikuwa kitoto cha miaka tisa, chenye gauni lililoshonewa kiraka begani, na miguu yake haikufika chini alipoketi kwenye benchi.

"Huyu ni Syokau," Mwalimu Gachanja alisema. "Anaishi na nyanya yake hapa nyuma ya soko. Haya, chezeni vizuri."

Syokau hakusema neno. Alicheza polepole, akigusa kila kete kwa ncha ya kidole kana kwamba anapapasa yai. Sella alicheza upesi. Baada ya muda kila mmoja alibaki na kete chache. Ndipo Syokau alipoisogeza kete moja mbele, peke yake, mahali pa kuliwa.

Katika drafti, kete ikikaa pa kuliwa, ni lazima uile. Sella aliila kwa furaha. Alipoinua mkono wake ndipo alipouona mtego. Kidole cha Syokau kiliruka mara moja, mara mbili, mara tatu, kikala kete tatu na kufika mwisho wa ubao, ambapo kete hugeuka mfalme. Watoto wa Kawangware walipiga kelele, "Kingi! Kingi!"

Sella aliutazama ubao. Alijua mchezo umekwisha. Alisikia masikio yakiwaka, akaona nyuso za mafundi wa Gatwekera, akaona ripoti ya Wakoli ikipitishwa kutoka mkono hadi mkono. Mwalimu Gachanja alikuwa ametazama kando, akiwanyamazisha watoto waliokaa dirishani.

"Mwalimu!" Sella akasikia sauti yake mwenyewe. "Amesogeza kete! Nilipoangalia kando ameisogeza! Ameniibia!"

Kabla mtu hajasema lolote, alipitisha mkono ubaoni na vifuniko vyote vikamwagika sakafuni.

Mwalimu Gachanja alimtazama Syokau. "Ni kweli?"

Syokau alifungua mdomo, lakini machozi yalifika kabla ya maneno. Aliweza kutikisa kichwa tu. Mwalimu alimgeukia Dalmas, aliyekuwa amekaa karibu kabisa na meza.

"Wewe uliona nini?"

Dalmas alimtazama Sella, kisha akatazama miguu yake mwenyewe. "Sijui, Mwalimu," akasema.

Kete zilikuwa chini, hapakuwa na cha kuangalia tena. Mmoja alikuwa analia, na mwingine, mkubwa wake, alizungumza bila kutetereka. Mwalimu alidhani kilio kile ni cha mtu aliyeshikwa. Mkoba akapewa Sella. Syokau alitoka nje mbio, na watoto wawili watatu wakamfuata wakiimba, "Mwizi wa kete! Mwizi wa kete!"

Gatwekera walimpokea Sella kwa vigelegele. Mama yake alimpikia chapati, na Wakoli akaomba kuubeba ule mkoba hata kwa dakika moja. Sella alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Lakini chapati yake alimsogezea Wakoli.

Jumatatu alimwita Dalmas waje wacheze. Dalmas alikataa.

"Kwa nini?"

"Nikikushinda utasema nini juu yangu?" Dalmas akajibu. "Mtoto yule hakusogeza kitu. Niliona. Mimi ni mwoga, nilinyamaza kwa sababu yako, na sasa silali vizuri. Tafuta mtu mwingine wa kucheza naye."

Aliondoka bila kucheka. Sella alibaki na ubao peke yake.

Alivumilia siku tatu. Alipokwenda shuleni aliuacha mkoba nyumbani akabeba vitabu kwenye mfuko wa karatasi, akisema anaogopa utachafuka. Siku ya Alhamisi alimfuata baba yake karakanani. Baba alikuwa akipiga randa ubao wa kitanda.

"Baba, Syokau hakuniibia. Mimi nilidanganya."

Randa ilisimama. Baba alipangusa mikono yake kwa shati, akaketi kwenye rundo la mbao, akamwonyesha Sella mahali pa kukaa. Sella alieleza yote akilia, tangu ule mtego hadi wimbo wa wale watoto.

"Kwa nini ulisema vile?" Baba aliuliza. Hakupaza sauti, na hilo lilimuumiza Sella zaidi.

"Nikishindwa, mimi ni nani, Baba? Shuleni mimi ni wa thelathini na mbili. Wakoli ana kichwa. Mimi nina drafti tu. Nikishindwa drafti nimebaki na nini?"

Baba alichukua kipande cha mbao mkononi. "Unakumbuka ile meza ya kanisa, mwaka jana? Nilikata miguu yake vibaya, ikawa mifupi. Mzee wa kanisa alinifokea mbele ya watu. Hiyo meza iliharibika, Sella. Mimi sikuharibika. Nilirudi hapa, nikatafuta mbao zingine, nikapima upya. Sasa wewe umeshindwa mchezo mmoja, ukaona afadhali uharibu jina la mtoto wa mtu kuliko uonekane umeshindwa."

Sella alifunika uso.

"Nami nina kosa langu," Baba aliendelea. "Nimewaacha watu wakuite bingwa, bingwa, na sikukuambia hata siku moja kuwa ukija hapa ukiwa umeshindwa, nitakufurahia vilevile. Jumamosi tutakwenda Kawangware. Utabeba mkoba huo wewe mwenyewe."

Jumamosi walikwenda, baba na binti, na Dalmas akaomba kufuatana nao. Mwalimu Gachanja aliwasikiliza akiwa amesimama, kisha akaketi kama mtu aliyechoka ghafla. "Nilikuwa na haraka ya kuamua," alisema. "Twendeni kwa huyo mtoto."

Nyanya yake Syokau alikuwa ameketi nje ya chumba chao akisuka kiondo. Syokau, aliyemwita "susu" kwa Kikamba, alikuwa kando yake akipanga mafungu ya nyanya za kuuza. Alipomwona Sella alisogea nyuma ya mgongo wa susu.

Sella alikuwa ameyakariri maneno mazuri njiani. Yote yalimpotea.

"Nimekuja kusema nilidanganya," alisema. "Syokau hakusogeza kete. Alinishinda. Mkoba ni wake. Naomba msamaha."

Dalmas naye alisema, "Mimi niliona nikanyamaza. Naomba msamaha pia."

Mikono ya susu iliacha kusuka. "Wiki nzima," alisema polepole, "wiki nzima mtoto huyu hakwenda bombani kwa sababu wenzake wanamwita mwizi. Aliniambia hakuiba. Mara ngapi aliniambia? Nami nilichukua ubao aliochorewa na marehemu babu yake, nikauvunja, nikawashia jiko. Nilimwambia katika nyumba hii hatulei wezi."

Alimvuta Syokau akamweka kifuani, akalia.

Baadaye Syokau alinyanyua uso wake. Kwa mara ya kwanza Sella aliisikia sauti yake, nyembamba lakini wazi.

"Wewe ulijua sikuiba?"

"Nilijua."

"Hata wakati ule unasema?"

"Hata wakati ule."

Syokau alimtazama kwa muda, kama mtu anayejaribu kuelewa hesabu ngumu. Kisha akaupokea mkoba, akaukabidhi kwa susu bila kuufungua.

"Baba anaweza kukutengenezea ubao mwingine," Sella alisema haraka. "Tunaweza kucheza. Hata leo."

"Sitaki," Syokau alijibu. Hakusema kwa hasira. Alirudi kwenye mafungu yake ya nyanya akaendelea kuyapanga.

Alasiri hiyo Mwalimu Gachanja aliwakusanya watoto ukumbini. Alitangaza kuwa mshindi alikuwa Syokau, kwamba hakufanya kosa lolote, na kwamba yeye mwenyewe, mtu mzima, aliamua bila kujua ukweli. Sella alisimama mbele yao akakiri kwa kinywa chake. Wale waliokuwa wameimba wimbo ule walitazama chini. Mmoja alitoka akaenda kumwita Syokau waende bombani, na susu akawaambia baadaye kwamba alikwenda.

Baba Sella alipeleka ubao mpya wiki iliyofuata. Lakini Syokau hakurudi ukumbini tena, na Desemba mama yake, aliyekuwa akiishi mbali, alikuja kumchukua, wakahamia Kitui. Sella na Dalmas walikuwa wakicheza tena wakati huo, na Dalmas alikuwa ameanza kumshinda mara kwa mara.

Siku habari za Kitui zilipofika, Sella alikwenda karakanani akasimama mlangoni.

"Baba, nilirudisha mkoba. Nilisema ukweli mbele ya watu wote. Mbona bado naumia?"

Baba aliweka msumeno chini.

"Kwa sababu ulichoharibu si mkoba, mwanangu. Ulifanya vyema kusema ukweli, na jina la mtoto yule limesafika. Hilo limerekebishwa. Lakini ile wiki aliyoitwa mwizi, na ule ubao wa babu yake, havirudishwi na mtu yeyote. Usijaribu kusahau. Maumivu hayo yana kazi. Siku nyingine utashindwa tena, na moto utakupanda masikioni. Hata mimi hunipanda. Moto huo ukipanda, funga mdomo wako kwanza. Simama, nenda ukanawe uso, kisha rudi umpe mwenzako mkono. Mchezo uliopoteza huisha watu wakishapanga kete upya. Neno ulilomrushia mwenzako ukiwa na hasira halipangwi upya."

Sella aliitikia kwa kichwa. Alikaa kwenye rundo la mbao karibu na baba yake, na baba akaokota msumeno wake.